Elektroni, Miji na Matriki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Modeli za Fizikia ya Kwanta na Uchumi wa Kimaeneo

Elektroni na soko vinakutana wapi?

Kimwili, havikutani. Elektroni haina habari na soko, na mfanyabiashara anayetafuta pa kufungua duka hafuati mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza mwenendo wa chembe ndogo kama elektroni. Kinachokutana ni hisabati. Mwanafizikia ana chembe nyingi zinazoathiriana. Mchumi wa maeneo ana wilaya, miji au nchi nyingi zinazoathiriana. Wote wawili huishia na jedwali kubwa la namba linaloeleza nani anamgusa nani na kwa nguvu kiasi gani. Jedwali hilo ni matriki. Kisha maswali yanafanana: mfumo utatulia wapi? Ukiugusa hapa, utatikisika wapi? Kati ya hali zote zinazowezekana, ipi ina uwezekano mkubwa zaidi?

Wapo waliovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa miguu yao. Jan Tinbergen alisomea fizikia Leiden chini ya Paul Ehrenfest, na tasnifu yake ya 1929 ilihusu matatizo ya kutafuta kiwango cha chini kabisa, katika fizikia na katika uchumi. Mwaka 1962 aliipeleka modeli ya mvutano, inayokadiria mtiririko kati ya sehemu mbili kwa ukubwa wao na umbali, kwenye biashara ya kimataifa, na 1969 yeye na Ragnar Frisch wakawa wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi. Tjalling Koopmans ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Nadharia yake ya 1934 kuhusu nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu bado inafundishwa kwa wanakemia wa kwanta, ila Nobel aliyoipata 1975 ni ya uchumi.

Uchumi wa kimaeneo ni uchumi gani huo?

Ni ule unaokataa kujifanya kwamba kila kitu kinatokea kwenye nukta moja. Johann Heinrich von Thünen alianza 1826 kwa kuuliza kwa nini mazao yanayoharibika upesi hulimwa karibu na mji na mengine mbali, akapata mapete yanayouzunguka mji. Alfred Weber akafuata na viwanda mwaka 1909, Harold Hotelling na wauzaji wawili wanaong'ang'ania katikati ya mtaa mwaka 1929, Walter Christaller na mpangilio wa miji mikubwa na midogo mwaka 1933. Paul Krugman, mwaka 1991, alionyesha jinsi shughuli za uchumi zinavyoweza kujikusanya sehemu moja hata kama maeneo yalianza yakiwa sawa kabisa.

Uwezekano wa kwanta una tofauti gani na ule wa takwimu za kawaida?

Hapa ndipo wengi hukwama, na wana haki. Katika takwimu za kawaida, kama jambo linaweza kutokea kwa njia mbili zisizoingiliana, unajumlisha uwezekano wa njia ya kwanza na wa pili. Basi. Katika kwanta, unachojumlisha si uwezekano bali amplitudo, namba inayoweza kuwa chanya, hasi au changamano. Ukishajumlisha ndipo unachukua kipeo cha pili cha ukubwa wake upate uwezekano. Kanuni hii ni ya Max Born, 1926.

Iweke kwenye karatasi. Chembe inaweza kufika kwenye nukta fulani kupitia tundu la kushoto au la kulia, na kila njia ina amplitudo ya 0.5. Kwa hesabu ya kawaida ungesema 0.25 jumlisha 0.25, yaani 0.5. Kwa kwanta unajumlisha kwanza: 0.5 na 0.5 ni 1, na kipeo chake cha pili ni 1. Sogea kidogo hadi nukta ambayo amplitudo ya tundu la pili imegeuka kuwa −0.5, na jumla inakuwa sifuri: chembe haifiki hapo kamwe. Umefungua tundu la pili na uwezekano umepungua. Hakuna takwimu za kawaida zitakazokupa jambo hilo.

Mtu mkaidi atasema labda kuna taarifa zimefichika, kwamba chembe inajua inakokwenda ila sisi hatujui. John Bell alilifanya swali hilo lipimike mwaka 1964. Katika toleo linalotumika sana, lililoandikwa 1969, kama majibu ya vipimo yamebebwa na chembe zenyewe tangu mwanzo na hakuna ushawishi unaoruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, hesabu fulani ya uwiano haiwezi kuvuka 2. Kwanta inasema inaweza kufika kipeuo cha pili cha 8, takriban 2.83. Majaribio yamevuka 2. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Nobel ya 2022 kwa kazi hiyo.

Sasa linganisha na ε, ile herufi ya makosa mwishoni mwa mlinganyo wa mchumi. ε ni gunia la yale tusiyoyapima: tabia, barabara mbovu, ushirika wa kifamilia, hitilafu za hojaji. Ukikusanya data zaidi, gunia linapungua. Kwenye kwanta, hata ukijua yote yanayoweza kujulikana kuhusu hali ya elektroni, bado kuna vipimo ambavyo jibu lake ni uwezekano tu.

Modeli ya mvutano ni Newton aliyehamishiwa kwenye biashara?

Ilianza hivyo, kama mfano tu: biashara kati ya nchi mbili inaongezeka kwa ukubwa wa uchumi wao na inapungua kwa umbali. Ilifanya kazi vizuri mno kiasi cha kuwaaibisha wananadharia, maana hawakuwa na sababu ya kueleza kwa nini.

Sababu moja nzuri ilitoka kwenye mekanika takwimu, fizikia inayoeleza chembe nyingi kwa pamoja kwa kutumia uwezekano. Chukua wasafiri wanne na vituo viwili, P na R. Njia ya kuwapeleka wote P ni moja tu. Watatu P na mmoja R: njia nne, kwa kuwa yeyote kati yao anaweza kuwa huyo mmoja. Wawili kwa wawili: njia sita. Mipangilio yote ni 16, na mgawanyo wa wawili kwa wawili peke yake umebeba sita. Kama hujui kingine chochote, huo ndio wa kuutegemea. Ukiwa na wasafiri milioni badala ya wanne, mgawanyo wenye mipangilio mingi zaidi unaifunika mingine yote.

Mwaka 1967 Alan Wilson alifanya hesabu hiyo kwa safari za mijini, akiongeza masharti: idadi ya wanaotoka kila mtaa inajulikana, idadi ya wanaofika kila mtaa inajulikana, na gharama ya jumla ya safari ina kikomo. Kinachotoka ni kwamba safari kati ya mtaa na mtaa zinapungua kwa exp(−βc), yaani namba e (takriban 2.718) kwa kipeo cha −βc, ambapo c ni gharama ya safari na β ni uzito wa gharama hiyo. Mwanafizikia anaitambua papo hapo: ni kigezo cha Boltzmann, kinachoonyesha jinsi hali yenye nishati kubwa inavyokuwa adimu, gharama ikiwa imekaa pale ilipokuwa nishati. Na β inashika nafasi ya kinyume cha halijoto. β ikiwa kubwa, mji ni “baridi”: watu wanaogopa umbali na safari ni fupi. β ikikaribia sifuri, umbali hausumbui mtu.

Kwa hiyo Newton hakuhitajika. Hata kile kipeo chake cha 2 kwenye umbali hakina utakatifu. Anne-Célia Disdier na Keith Head walikusanya makadirio 1,467 kutoka tafiti za biashara, wakayachapisha 2008, na wastani wa kipeo hicho ulikuwa karibu 0.9.

Kwa nini makala za mvutano zinapingana kuhusu mipaka ya nchi?

Kwa sababu ya kosa moja maarufu, linalofaa kusomwa na kila anayeanza. Mwaka 1995 John McCallum alitumia data za 1988 akakuta majimbo ya Kanada yanafanya biashara baina yao mara 22 zaidi ya yanavyofanya na majimbo ya Marekani yenye ukubwa na umbali unaolingana. Mara 22, kwenye mpaka mpole kama ule! Wachumi walilihangaikia jambo hilo kwa miaka.

Mwaka 2003 James Anderson na Eric van Wincoop walionyesha kilichokosekana. Biashara kati ya A na B haitegemei umbali wao wenyewe tu, inategemea pia ugumu wa kila mmoja kufanya biashara na wengine wote. Jimbo la Kanada likiwekewa mpaka na Marekani limefungiwa karibu soko lake lote la nje, hivyo linageukia majirani wa ndani. Jimbo la Marekani lina soko kubwa la nyumbani, halitikisiki sana. Ile namba 22 ilikuwa imevimba kwa udogo wa uchumi wa Kanada. Walipoyaingiza hayo, mpaka ulionekana kupunguza biashara kati ya nchi hizo mbili kwa takriban asilimia 44. Bado ni kubwa, lakini inaaminika.

Matriki W ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

W ni orodha ya majirani iliyoandikwa kwa namba. Chukua maeneo matatu yaliyo kwenye mstari: A, B, C. A inapakana na B; B inapakana na A na C; C inapakana na B. Kila safu ya W tunaigawa ili jumla yake iwe 1, kwa hiyo safu ya A ni (0, 1, 0), ya B ni (½, 0, ½), ya C ni (0, 1, 0).

Tuseme mapato ya kila eneo yanaathiriwa na wastani wa majirani kwa kizidishi ρ = 0.5. Sasa A inapata msukumo wa 10 kutoka nje. Ukitatua milinganyo hiyo mitatu, A inapanda kwa 11.67, B kwa 3.33, C kwa 1.67. Angalia A: ilipewa 10, imepata zaidi, kwa sababu kilichokwenda B kimerudi kwa kiasi. Angalia C: haipakani na A hata kidogo, lakini imefikiwa. Ndiyo maana kusoma kizidishi cha regresheni ya kimaeneo (mlinganyo unaokadiriwa kutoka kwenye data, wenye majirani ndani yake) kana kwamba ni athari yenyewe ni kosa. Athari iko kwenye kinyume cha matriki (I − ρW), ambapo I ni matriki yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine, wala haipo kwenye kizidishi peke yake.

Sasa geuka upande wa kwanta. Molekuli ya alili ina atomu tatu za kaboni kwenye mstari, na kwa mbinu ya Hückel ya mwaka 1931 unaandika matriki ya nani anapakana na nani, 1 kwa jirani na 0 kwa asiye jirani. Ni ramani ileile ya A, B, C. Namba zake maalumu, zinazoitwa thamani aigeni, ni kipeuo cha pili cha 2, sifuri, na hasi ya kipeuo cha pili cha 2. Kwa mwanakemia hizo zinatoa ngazi za nishati za elektroni. Zigawe kwa kipeuo cha pili cha 2 upate 1, 0 na −1, ambazo ndizo thamani aigeni za W yetu. Kwa mchumi zinaeleza mipaka ya ρ: ikikaribia 1 au −1, msukumo mdogo unaleta mtikisiko usio na mwisho. Keith Ord alizitumia mwaka 1975 kurahisisha hesabu ya determinanti ya (I − ρW), namba moja inayokokotolewa kutoka matriki nzima, ambayo vinginevyo ilikuwa inakula muda wote wa kompyuta. Kwa mfano wetu determinanti ni (1 − ρ)(1)(1 + ρ), yaani 0.75.

Programu inaniambia kuna eneo “halina majirani”. Nifanye nini?

Una kisiwa. Safu yake yote ni sifuri, na ukijaribu kuigawa kwa jumla yake unagawa kwa sifuri. Niliwahi kumaliza siku mbili nikitafuta kosa kwenye msimbo wa programu kumbe ni kisiwa kimoja kwenye ramani, kidogo kiasi kwamba hakikuonekana mpaka nikuze picha. Ama kipe jirani kwa kigezo cha umbali au njia ya feri, ama tumia majirani k wa karibu zaidi (k ni idadi unayoichagua) badala ya mipaka. Usikifute kimyakimya.

Kwani regresheni ya kawaida ina ubaya gani?

Inadhani kila eneo ni shahidi huru. Waldo Tobler alisema mwaka 1970 kwamba kila kitu kinahusiana na kila kitu, ila vilivyo karibu vinahusiana zaidi. Kama ni hivyo, wilaya 100 zinazofanana na majirani zao hazikupi taarifa za wilaya 100. Makosa sanifu, yaani kipimo cha shaka kwenye makadirio yako, yanatoka madogo kuliko ukweli, na unatangaza ugunduzi usiokuwepo. Kipimo cha kuanzia ni I ya Moran, ya mwaka 1950, inayopima kama majirani wanafanana; itumie kwenye mabaki ya regresheni yako, yaani yale ambayo modeli haikuyaeleza.

Je, matokeo yanabadilika nikichora mipaka upya?

Ndiyo, na wakati mwingine vibaya sana. Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua kaunti 99 za Iowa mwaka 1979, wakaziunganisha kwa namna mbalimbali, wakapima uwiano kati ya kura za chama cha Republican na idadi ya wazee. Data ni zilezile. Mipaka tu ndiyo iliyobadilika. Uwiano uliweza kuwa karibu na −1 na ukaweza kuwa karibu na +1.

Watu hupenda kufananisha jambo hili na kwanta, kwamba “kupima kunabadilisha kinachopimwa”. Mimi siukubali ulinganisho huo. Kuchora mipaka hakujabadilisha kura ya mtu yeyote. Kumebadilisha muhtasari wetu, na ukipata data za mtu mmojammoja tatizo linaondoka. Kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na hakika, ya 1927, kwamba mahali na mwendo wa chembe haviwezi kujulikana vyote kwa usahihi kamili, haiondoki kwa kupata data nzuri zaidi.

Monte Carlo inaingilia wapi?

Kote kuwili. Monte Carlo ni kukokotoa kwa kutumia namba za bahati nasibu. Nicholas Metropolis na wenzake waliitoa algorithimu yao mwaka 1953 kwa ajili ya chembe. Wanatakwimu waliichelewa, wakaikumbatia hasa kuanzia 1990. Leo modeli ya Bayes ya kimaeneo, inayosahihisha uwezekano wa awali kwa kutumia data, hutembea hatua kwa hatua kwenye uwezekano kama chembe zile zilivyotembea kwenye nishati.

Tofauti ni moja, ila ni kubwa. Uwezekano wa mwanatakwimu haupungui sifuri. Mwanafizikia anayeiga elektroni nyingi hukutana na michango chanya na hasi inayofutana mpaka jibu linazama kwenye kelele. Wanaliita tatizo la alama, na bado linawatoa jasho.

Mbona wengine wanafananisha miji na sumaku?

Kwa sababu ya mageuzi ya ghafla. Ernst Ising, mwaka 1925, alipanga sumaku ndogondogo kwenye mstari mmoja akakuta hazipangiki zenyewe kwa halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri kabisa. Lars Onsager akaonyesha 1944 kwamba kwenye uso bapa, halijoto ikishuka chini ya kiwango fulani, zinapangika zenyewe, nyingi zikielekea upande mmoja. Katika modeli ya Krugman, kinachoshuka ni gharama ya usafirishaji: maeneo mawili sawa yanaendelea kuwa sawa, yanaendelea, kisha ghafla viwanda vyote vinahamia moja. Hesabu haisemi lipi. Lakini tuseme wazi kwamba sumaku ya Ising ni mekanika takwimu ya kawaida. Kwanta haimo humo.

Kuna kitu kinaitwa “uchumi wa kwanta”. Nikiamini?

Inategemea anachouza mwenye kukitaja. Wapo watafiti wanaotumia hisabati ya amplitudo kueleza kwa nini mpangilio wa maswali kwenye hojaji hubadilisha majibu, na hawadai kwamba ubongo ni kompyuta ya kwanta. Hiyo ni kazi halali; ipime kwa data kama nyingine yoyote. Mtu akikuambia bei “ipo kwenye hali mbili kwa wakati mmoja” kisha asikuonyeshe kipimo kinachotofautisha dai lake na kutojua kwa kawaida, funga ukurasa.

Kompyuta za kwanta zitatatua matatizo ya kupanga maeneo?

Mgombea anayetajwa sana ni tatizo alilolieleza Koopmans (yuleyule) pamoja na Martin Beckmann mwaka 1957: una viwanda n na viwanja n, viwanda vinasafirishiana bidhaa, kipi kikae wapi? Kwa viwanda 20 mipangilio ni takriban 2.4 × 10¹⁸. Tatizo hili linaandikika vizuri kama nishati ya sumaku nyingi, na mashine za kwanta zimetengenezewa kutafuta nishati ya chini. Hata hivyo hakuna uthibitisho kwamba zinaishinda kompyuta ya kawaida yenye algorithimu nzuri kwenye tatizo hili. Mtu mwenye mradi wa mwaka huu atumie algorithimu za kawaida.

Kinyume chake kinasahaulika: kompyuta ya kawaida ndiyo inayoshindwa kuiga kwanta. Spini 50, yaani sumaku ndogo 50 za kwanta zenye hali mbili kila moja, zinahitaji amplitudo 2⁵⁰, zaidi ya trilioni elfu moja. Maeneo 3,000 ya mchumi yana jozi milioni 9 tu, na nyingi kwenye W ni sifuri.

Nina jozi nyingi za nchi zisizofanya biashara kabisa. Modeli ya mvutano hukadiriwa kwa logarithimu, na logarithimu ya sifuri haipo. Nifanyeje?

Usiongeze 1 kwa kila namba. Tumia makadirio ya aina ya Poisson, yanayokadiria biashara yenyewe badala ya logarithimu yake, kama João Santos Silva na Silvana Tenreyro walivyoshauri mwaka 2006. Yanapokea sifuri bila shida, na pia yanaepuka upotoshaji unaoletwa na logarithimu pale mtawanyo wa makosa usipokuwa sawa kote.

Nianze na hisabati ipi?

Aljebra ya matriki. Kisha uwezekano. Milinganyo ya kinyambuo inaweza kusubiri. Kwa lugha ya programu, R au Python, yoyote uliyonayo.

Nitajuaje modeli yangu ni nzuri?

Wenzetu wa fizikia wametuzidi mbali: nguvu ya sumaku ya elektroni iliyokokotolewa na ile iliyopimwa zinakubaliana kwa zaidi ya tarakimu kumi. Modeli ya mvutano haitafika huko, na R² yake kubwa (sehemu ya tofauti kwenye data ambayo modeli inaieleza) isikuleweshe, kwani nchi kubwa kufanya biashara kubwa si habari.

Jaribio ninaloliamini ni kuificha sehemu ya ramani. Usifiche maeneo kwa bahati nasibu, maana kila lililofichwa litakuwa limezungukwa na majirani wanaolisemea. Ficha kipande kizima, eneo na majirani zake wote, kadiria modeli kwa kilichobaki, kisha itabiri lile pengo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, makosa ya utabiri yaliongezeka karibu maradufu, na kibadilika nilichokuwa nikijivunia zaidi kikawa hakina mchango wowote.